D&D iliyorekebishwa au Level Up? Tunaanza kampeni ya baharini, naomba ushauri

Mwana wa Malindi (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wakwetu.

Sisi ni watu watano hapa Mji Mkongwe, tunacheza Dungeons & Dragons kila Alhamisi baada ya Isha, ule mchezo wa kuhadithia ambapo kila mtu ni mhusika na dadu ndiyo inayoamua, na mie ndiye msimulizi, mwenye kuiendesha hadithi. Tumecheza kwa sheria za 2014, yaani toleo la tano, mpaka kampeni yetu, ile hadithi ndefu ya Alhamisi nyingi, ikesha salama. Sasa kila mtu anataka kitu kipya na tumegawika pande mbili.

Upande mmoja unataka D&D yenyewe iliyorekebishwa: kitabu cha wachezaji kilichotoka Septemba 2024, cha msimulizi Novemba mwaka huohuo, na cha viumbe Februari 2025. Upande wa pili unataka Level Up: Advanced 5th Edition, ya EN Publishing ya Uingereza, iliyotoka mwishoni mwa 2021. Hii imechukua msingi uleule wa toleo la tano ikaujenga upya kwa namna yake.

Kampeni nimeshaipanga. Ni ya visiwa. Wahusika wanatweka kutoka bandari kubwa, wanapita visiwa vidogo vyenye hadithi za hazina kama vile tunavyohadithiwa za Misali, mpaka wafike kwenye ngome iliyozikwa nusu, ambayo nimeitoa kwenye magofu ya Pujini, yale ya Mkama Ndume. Kuna ukuta, kuna kisima, kuna chumba chini ya ardhi. Ninachokitaka hasa ni safari yenyewe. Nataka wachezaji waogope kuishiwa maji kuliko wanavyoliogopa joka.

Vikwazo: mmoja wetu hajapata kucheza hata siku moja. Mwengine anapenda sheria nyingi, ukimpa chache ananuna. Na vitabu ni ghali, tunaweza kuagizia nakala moja tu, kuna ndugu anakuja kutoka Maskati mwezi ujao. Kwa hiyo lazima tuchague, hatuwezi kununua vyote.

Mnasemaje?

Kijana wa Michenzani

Chukua ya 2024, yakhe. Vitabu vipo kila mahali, video za kufundishia tele, na ukikwama sheria usiku wa manane utapata jibu ndani ya dakika moja. Level Up kitabu cha wachezaji peke yake kina zaidi ya kurasa 600. Huyo mgeni wenu atakimbia.

Bint Ngezi

Wa aleikum salaam kaka. Mie nipo Wete, na mie pia ni msimulizi. Meza yangu imecheza zote mbili, basi nitakueleza nilivyoziona zikichezwa.

Nianze na safari, maana hapo ndipo zinapoachana njia. Kwa D&D iliyorekebishwa njaa na kiu zimo kitabuni. Usipokula na usipokunywa unapandwa na uchovu, na kila ngazi ya uchovu inakupunguzia 2 kwenye dadu ya pande 20, ile inayoamua kama umefaulu, na futi 5 kwenye mwendo wako. Ngazi ya 6 unakufa. Sheria safi, mtoto anaikariri. Lakini tazama inavyokwenda mezani. Mganga wa msituni wa levo ya kwanza ana uchawi wa matunda: anatoa matunda 10, na tunda moja linamshibisha mtu kutwa nzima. Maji nayo yana uchawi wake, wa levo ya kwanza vilevile, galoni 10 ndani ya chombo. Na uchovu ukishakupata, ukilala usiku mmoja mzima ngazi moja inakutoka. Hofu ya maji unayoitaka imekwisha kabla hamjang'oa nanga.

Level Up inahesabu masurufu. Kila mhusika anatumia fungu moja kwa siku, chakula na maji pamoja, na anachoweza kubeba kinafuata nguvu zake za mwili: mwenye nguvu 14 anabeba mafungu 14. Basi yule mchezaji aliyemtengeneza mhusika dhaifu mwenye akili nyingi anaanza kuwaangalia wenzake wenye misuli kwa jicho jengine. Usipokula unapanda ngazi ya uchovu. Zipo ngazi saba, na pembeni zipo saba nyengine za msongo wa moyo, kwa mambo ya hofu, huzuni na kukata tamaa. Kiini cha yote ni hiki: ngazi ya kwanza utaipumzikia popote, lakini ukishapindukia hapo hazikutoki mpaka ulale kwenye maskani salama, mahali ambapo hamna haja ya kuweka zamu. Kisiwa kitupu si maskani. Dau lililotia nanga penye mamba wa baharini si maskani. Kwa hiyo safari ya siku sita inamwachia kila mtu alama, na mnafika kwenye ile ngome yako hali zenu taabani. Hilo ndilo unalolitafuta.

Halafu kuna kazi za njiani. Mkiwa safarini kila mmoja anachagua lake: kupika, kuwinda, kupeleleza njia, kufuata nyayo, kuandika habari za safari, kuomba dua, kuwachangamsha wenziwe. Kwenye meza yangu msichana aliyekuwa hasemi kitu kwa wiki kadhaa alijichagulia kupika. Usiku wa tatu wa safari dadu ikamkubali, masurufu yakasalia, na tangu hapo hakuna uamuzi uliofanywa chomboni bila kuulizwa yeye. Sikulipanga hilo. Limetoka kwenye sheria.

Na misukosuko ya njiani ina matokeo manne: kufeli vibaya, kufeli, kufaulu, na kufaulu sana. Dhoruba haikuambii tu umepita au hukupita. Unaweza ukapita na tanga limechanika.

Mwana wa Malindi

Dada, hapo kwenye maskani salama umenishika. Upepo unaufanyaje?

Bint Ngezi

Naufanya kama tulivyouzoea. Kusi likivuma, chombo kinachotoka Unguja kuja Pemba kinasukumwa, kurudi ndiyo shughuli. Kaskazi kinyume chake. Level Up ina kitu inakiita dadu ya ustadi: ukiwa na ujuzi mahsusi au hali nzuri unaongeza dadu ya pande 4 juu ya ile ya 20, ukipata sababu ya pili inakuwa ya pande 6, ya tatu inakuwa ya pande 8. Basi nahodha anayekwenda na upepo nampa dadu hiyo. Anayekwenda dhidi yake simpi, na safari inachukua siku zaidi, yaani masurufu zaidi. Wachezaji wangu sasa wanaulizana mwezi gani kabla hawajaulizana mahali gani.

Fundi wa Darajani

Mie naitetea ya 2024, na naitetea kwa moyo wote, maana naona dada kazungumza safari tu na mapigano kayaacha.

Umahiri wa silaha ndicho kitu bora kilichoingia D&D tangu 2014. Zamani mpiganaji kazi yake ilikuwa kusema "napiga", basi. Sasa kila silaha ina tabia yake. Mkuki wa ncha tatu unaangusha: ukimpata adui anajaribiwa uimara wake, akishindwa yuko chini. Nyundo ya vita inamsukuma futi 10. Upanga mkubwa hata ukikosa unajeruhi kidogo. Mkuki wa kawaida unamvuruga adui, pigo lake linalofuata anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Na havina malipo! Huhesabu pointi, hufuti karatasi, kila zamu unavitumia.

Nikupe picha. Mapigano juu ya sitaha, maharamia wamepanda. Mvuvi mwenye mkuki wa ncha tatu anapiga, haramia anaanguka. Mwenye panga aliye karibu naye anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, kwa sababu adui yuko chini. Mwenye nyundo anamsukuma mwengine futi 10. Futi 10 juu ya chombo ni wapi? Baharini! Mgeni wenu atayaelewa hayo siku ya kwanza, na usiku hatolala kwa furaha.

Level Up ina mbinu za mapigano, ndiyo, nyingi mno na nzuri. Lakini zinalipiwa kwa pointi za jitihada. Unapata mara mbili ya bonasi yako ya ustadi (ile namba unayojumlisha kwenye dadu kwa mambo unayoyaweza, si ile dadu ya ustadi ya dada), kwa hiyo mwanzoni ni pointi 4, zinarudi ukipumzika. Lazima usome orodha, uchague, uhesabu. Kwa yule mwenzenu anayenuna ni karamu. Kwa mgeni ni mtihani.

Jengine: kumtengeneza mhusika. Ya 2024 ni kazi yake (mpiganaji, mwizi, mganga), asili yake (alikuwa nani kabla ya hadithi kuanza), na aina ya kiumbe, mnamaliza usiku mmoja na kucheza mnacheza. Asili inakuja na kipaji chake tayari.

Bint Ngezi

Kaka Fundi, la silaha nakuunga mkono kabisa. Kwa mapigano ya haraka ya 2024 imeshinda.

La asili sikubali. Baharia wa 2024 kipaji anachopewa ni cha ngumi za vilabuni. Kila baharia! Mie nimekulia kwa mabaharia, babu yangu alikuwa na jahazi, na hakuna hata mmoja niliyemjua ambaye ndiye huyo. Msimulizi anaweza kubadilisha, najua, lakini kitabu kimekupa hicho.

Level Up inamgawa mhusika vipande vinne mbali na kazi yake: nasaba, utamaduni, alikotokea kimaisha, na majaaliwa. Nasaba ni damu. Utamaduni ni kulikomlea. Na hivyo viwili havifungamani, nasaba yoyote yaweza kwenda na utamaduni wowote. Nani atalielewa hili kuliko sisi? Mtaa mmoja wa Ng'ambo una mwenye asili ya Ngazija, mwenye asili ya Kachchh, Mshirazi na mwenye babu wa Hadhramaut, wote wamekula urojo mmoja na wanasema lafudhi moja. Kibeti aliyelelewa bandarini na wavuvi ni mtu kamili ndani ya Level Up, hana haja ya kuelezwa kwa nini haishi pangoni. Wachezaji wangu waliipenda sehemu hii kuliko nyengine zote, na ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa anasimulia nyumbani kwa mhusika wake.

Na majaaliwa ni lengo la maisha la mhusika, linaloingia kwenye sheria na kumlipa akilifuata. Kwa kampeni ya safari ni muhimu.

Kijana wa Michenzani

Hilo la Ng'ambo limenigusa, sina neno. Ila pesa bado ni pesa.

Mjukuu wa Bi Mkubwa

Naingilia kwa jambo ambalo hamjaligusa. Nyumbani kwetu bibi hataki dadu. Anasema dini haizipendi, na sisi hatubishani naye, nyumba ni yake na chai ni yake. Tunatumia komwe za bao. Tumeandika namba 1 hadi 20, zimo kwenye mfuko wa kitambaa, zamu yako unachota moja. Lazima uirudishe na utikise mfuko kabla ya kuchota tena, vyenginevyo hesabu inapinda. Bibi sasa anakaa pembeni na kuuliza nani kapata ishirini.

Kwa mfuko mmoja, ya 2024 inakwenda vizuri. Madhara ya viumbe yameandikwa kitabuni kwa wastani wake, kwa hiyo huhitaji dadu nyengine kwa upande wa msimulizi. Level Up pia viumbe vyake vina wastani, lakini ile dadu ya ustadi inataka mifuko mitatu zaidi, wa 4, wa 6 na wa 8, na inatokea kila mara. Tumejaribu. Usiku unakuwa mrefu. Kama mnacheza kwenye nyumba yenye mzee kama bibi yangu, lifikirieni hili kabla ya kuagiza.

Mwana wa Malindi

Kwetu dadu hazina tatizo alhamdulillah, tunachezea ukumbini kwa mmoja wetu. Lakini la komwe nimelipenda, naliweka akilini kwa watoto wa skuli ninaocheza nao Jumamosi.

Mwalimu wa Chake

Ndugu zangu, suala la pesa lina njia na mnaizunguka.

Sheria zote mbili zinasomeka bure. Januari 2023, rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha D&D, ilivuja, wachezaji duniani wakaja juu, na mwisho wa mwezi kampuni ikauachia muhtasari wa sheria za toleo la tano, namba 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Aprili 2025 wakafanya hivyo tena kwa muhtasari wa 5.2, ambao ndio wa sheria zilizorekebishwa. Level Up nao wameweka sheria zao mtandaoni, unasoma bila kulipa.

Sasa sikilizeni leseni yenyewe, CC BY 4.0, inavyosema. Inakuruhusu kunakili, kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza, mradi umtaje mwenye kazi kama leseni inavyotaka. Kutafsiri! Yaani hakuna kinachotuzuia kuwa na sheria za D&D kwa Kiswahili, zimechapwa Chake, ziko mikononi mwa wanafunzi wangu. Nimeanza na kurasa za mapigano. Kila nikipata saa moja naongeza.

Tahadhari: muhtasari si kitabu kizima. Kila kazi ya mhusika imewekewa tawi moja tu, yaani njia moja ya kuikuza. Kwa kujifunza linatosha, kwa kampeni ndefu mtu atataka zaidi.

Kwa hiyo, kaka wa Malindi, swali lako ligeuze. Ile nakala moja kutoka Maskati ununue ya mchezo mtakaouchimba kwa muda mrefu. Huu mwengine usomeni bure.

Fundi wa Darajani

Basi jibu si lipo? Wahusika wa 2024, safari za Level Up zile za bure. Kila mmoja anapata chake.

Mwana wa Malindi

Ndilo nililotaka kuuliza. Dada Bint Ngezi, inachanganyika?

Bint Ngezi

Inachanganyika, kwa sababu zote mbili zimejengwa juu ya sheria za 2014. Lakini utapata nusu, na nitakwambia kwa nini.

Kwenye Level Up safari haikai kwenye sura moja ya kitabu. Imeingizwa ndani ya kila kazi. Mpiganaji ana maarifa yake ya kiaskari ya njiani, mwizi ana yake, mpelelezi wa porini ana yake mengi. Wakikua levo hawaongezi mapigo peke yake, wanaongeza na vitu vya kufanya safarini. Ukichukua masurufu na uchovu ukawavalisha wahusika wa 2024, umewapa adhabu za safari bila kuwapa zana zake. Mpelelezi wa porini wa 2024 uzito wake mkubwa umewekwa kwenye uchawi wa kumtia alama anayewindwa, ambao ni wa mapigano. Atakaa chomboni mikono mitupu, na yeye ndiye aliyestahiki kuwa bingwa.

Na kuna kazi moja ambayo 2024 hawana kabisa: jemadari. Hana uchawi. Anawaongoza wenziwe, anawapanga, sauti yake ndiyo silaha. Kampeni ya chombo bila nahodha wa namna hii? Kwa mtazamo wangu huyo peke yake anatosha kuamua.

Kwa hiyo mie nasema: kwa kampeni HII, Level Up yote, kitabu cha kuagizia kiwe chake. Mgeni wenu msimpe kurasa 600. Mtengenezee mhusika wewe, umwandikie karatasi moja yenye mbinu mbili tu na kazi moja ya njiani, mengine atayajua baadaye. Wangu walianza hivyo. Ingelikuwa kampeni ya mjini, au ya kuingia mapangoni na kutoka, ningekwambia 2024 bila kusita.

Mkichanganya hata hivyo, zuieni mambo mawili tangu mwanzo. Uchawi wa matunda na wa maji upunguzwe nguvu, mkubaliane mezani na si katikati ya safari, maana mchezaji atahisi kaonewa. Na uchovu tumieni wa upande mmoja. Ukiweka ngazi sita za huku na saba za kule, kila Alhamisi itakuwa ugomvi.

Fundi wa Darajani

La mpelelezi wa porini umesema kweli, hata sisi tumelilalamikia. Bado nasema mapigano yatakuwa mazito. Wekeni mtu wa kuhesabu pointi za jitihada.

Mwana wa Malindi

Nimewasomea wenzangu uzi huu wote jana. Yule anayenuna kacheka tangu mwanzo hadi mwisho. Tumeamua hivi: kampeni ya visiwa ni Level Up, na kitabu tunachoagizia ni chake. Mgeni wetu atachezea karatasi moja kama dada alivyoelekeza, na kataka mwenyewe kuwa mpishi. Hesabu ya pointi kajitolea yuleyule mpenda sheria.

Jumamosi, kwa watoto wa skuli, nitatumia sheria za 2024 za bure na mfuko wa komwe. Mwalimu wa Chake, zile kurasa za mapigano ulizokwishatafsiri ukinitumia nitakushukuru sana, na mie nitachukua sura ya silaha niifanye, tusirudie kazi moja watu wawili.

Swali la mwisho kwa dada: kile kisiwa changu chenye hazina kina kijiji kidogo cha wavuvi, madau manne na msikiti. Ni maskani salama au si maskani?

Bint Ngezi

Wakipokewa, wakapewa pa kulala na hawana haja ya kukesha zamu, ni maskani, uchovu uwatoke. Lakini wafanye wapokewe kwanza. Wakifika na silaha mkononi wakaanza kuuliza hazina ilipo, wanakijiji wawaonyeshe ufukwe.

Mwalimu wa Chake

Kurasa nakutumia leo baada ya Alasiri. Neno la "umahiri wa silaha" la kaka Fundi ni zuri kuliko langu, nalibadilisha kote.